Komboa nyumba yako mapema: namna ya kumaliza deni kabla ya siku yake

Masomo: Mambo ya Walawi 25:29-30 na 25:47-52, 2 Wafalme 4:1-7, Nehemia 5:1-13



Katika mji wetu wa Uvira, na hasa huku Kavimvira, mtu akitaka kununua parseli au kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma, mara nyingi mshahara wake hautoshi. Anaingia COOPEC, anaingia shirika la mikopo midogo, au anaingia banki ikiwa mshahara wake unapitia huko. Anapewa dola, na yeye anaacha karatasi za parseli kama rehani. Tangu siku ile anakaa ndani ya nyumba ambayo watoto wanaiita ya baba, lakini karatasi zake zimefungiwa katika kasha la mtu mwingine.

Wengi wanadhani deni la namna hiyo lina njia moja tu: kulipa kila mwezi kiasi kilekile mpaka mwezi wa mwisho. Hawajui kwamba katika mikopo mingi mtu anaweza kulipa zaidi ya alichopangiwa, kidogo kidogo, akamaliza mapema na kuacha mfukoni mwake faida ambayo angempa mkopeshaji. Leo tutazame jambo hili kwa Neno na kwa hesabu, maana Mungu wetu ni Mungu wa vyote viwili.

NENO LINASEMA NINI

Wengi tunajua Mithali 22:7, kwamba mwenye kukopa yuko chini ya mwenye kukopesha. Tukiisoma tunaogopa, kisha tunakopa tena. Lakini Walawi 25 inatupeleka mbele zaidi, maana inatuonyesha mlango wa kutokea.

Katika kifungu cha 47 mpaka 52 kuna Mwisraeli aliyekuwa maskini hata akajiuza kwa mgeni tajiri. Torati haikumwambia akae tu akingojea mwaka wa yubile. Ilimpa ruhusa ndugu yake amkomboe, na hata yeye mwenyewe, mkono wake ukipata nguvu, ajikomboe. Tena angalia namna ya kuhesabu: walitazama miaka iliyobaki. Ikibaki mingi, analipa zaidi. Ikibaki michache, analipa kidogo. Kwa maneno mengine, hakutozwa kwa miaka ambayo hatatumikia. Hiyo ndiyo haki ya kulipa mapema, na Mungu aliiweka katika Torati kabla banki yoyote haijajengwa.

Kifungu cha 29 na 30 kinasema juu ya nyumba iliyouzwa ndani ya mji wenye ukuta. Mwenyewe alikuwa na mwaka mmodi wa kuikomboa. Mwaka ukipita, nyumba imekwenda moja kwa moja, hata yubile haimrudishii. Kwa hiyo mwenye nyumba ya mjini hakuwa na nafasi ya kulala usingizi. Nasi tunakaa mjini.

HESABU ILIVYO

Chukua karatasi na kalamu, uhesabu pamoja nami. Tuseme mama mmoja muuza ndagala na mume wake mwalimu wamekopa dola 2,400 kwa miezi 24, kwa faida ya 2 kwa mia kila mwezi, ikihesabiwa juu ya deni lililobaki. Kila mwezi wanarudisha dola 100 za mtaji, pamoja na faida ya mwezi ule.

Mwezi wa kwanza deni ni 2,400, faida ni dola 48. Wanalipa 148. Mwezi wa pili deni ni 2,300, faida ni 46. Wanalipa 146. Inashuka hivyo mpaka mwezi wa 24, ambapo faida ni dola 2 tu. Ukijumlisha faida yote utapata dola 600.

Sasa tuseme wanaongeza dola 20 kila mwezi, nazo zinaingia kwenye mtaji. Mtaji unapungua kwa 120 kila mwezi. Wanamaliza kwa miezi 20, na faida yote ni dola 504. Wameokoa dola 96 na miezi 4.

Tuseme wameweza kuongeza dola 50. Mtaji unapungua kwa 150. Wanamaliza kwa miezi 16, na faida yote ni dola 408. Wameokoa dola 192 na miezi 8. Fedha hiyo inanunua mabati, au inalipa shule ya watoto. Haikushuka kutoka mbinguni kwa kamba. Ilikuwa yao tangu mwanzo, lakini ingekwenda kwa mwingine.

KWA NINI NI VIZURI KUANZA MAPEMA

Faida inahesabiwa juu ya deni lililobaki. Kila dola ya mtaji unayoitoa leo haitazaa faida tena mwezi ujao, wala mwezi wa baadaye, mpaka mwisho. Kwa hiyo dola inayolipwa mwanzoni inafanya kazi miezi mingi, na inayolipwa mwishoni inafanya kazi siku chache.

Tazama deni lilelile la 2,400. Familia ile imepata dola 200 za mara moja. Wakizitia pamoja na malipo ya mwezi wa kwanza, faida yote inashuka toka 600 mpaka 510: wameokoa 90. Wakizitia mwezi wa 20, wanaokoa dola 14 tu. Ni fedha zilezile, ni deni lilelile. Tofauti ni siku.

KABLA HUJAONGEZA KITU, SOMA MKATABA

Si kila mkopo unafuata hesabu hiyo. Kuna mikopo ambayo faida yake haishuki: wanachukua 2 kwa mia ya dola 2,400 za mwanzo, yaani dola 48, na unalipa hizo kila mwezi kwa miezi 24. Jumla ni dola 1,152, karibu mara mbili ya ile ya kwanza, ingawa mdomoni zote zinaitwa 2 kwa mia. Katika mkopo wa namna hiyo kulipa zaidi hakukusaidii, isipokuwa mkataba unasema kwamba ukimaliza mapema utapunguziwa faida ya miezi iliyobaki. Ndiyo maana uulize kabla ya kutia sahihi, si baada ya hapo.

Uliza mambo manne haya. Faida inahesabiwa juu ya deni lililobaki au juu ya deni la mwanzo? Naweza kulipa mapema? Kuna malipo ya adhabu kwa anayelipa mapema? Nikiongeza fedha, inaingia kwenye mtaji mara moja, au inawekwa kando kungojea mwezi ujao?

Swali la nne limewapoteza wengi. Sheria yetu ya mikataba, ile ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo bado inatumika Kongo, inasema mdaiwa hawezi kuamua peke yake kwamba malipo yaingie kwenye mtaji wakati faida haijalipwa. Mkopeshaji lazima akubali. Kwa hiyo lipa faida ya mwezi kwanza, kisha ile ya ziada uiandikie barua fupi: fedha hii ni ya kupunguza mtaji. Omba risiti inayosema hivyo, na omba wakupe upya karatasi ya mpango wa malipo, ile wanayoiita tableau d'amortissement. Bila karatasi mpya, mambo yamebaki katika maneno.

Sheria ileile inampa haki mtu mwenye madeni mawili kwa mkopeshaji mmoja aseme, wakati wa kulipa, ni deni gani analolipa. Ukinyamaza, wengine watakuchagulia.

DENI LIPI LITANGULIE

Ikiwa una kredi ya COOPEC kwa 2 kwa mia, na una deni kwa wale wanaoitwa Banque Lambert, wanaokopesha kwa 30 kwa mia kwa mwezi au zaidi, usihangaike kuongeza dola 20 kwenye COOPEC. Lipa COOPEC kiasi chake cha kawaida, na kila franka ya ziada ipeleke kwa yule wa Banque Lambert mpaka aondoke nyumbani mwako. Dola 100 kwa mtu huyo zinazaa dola 30 kwa mwezi mmoja; kwa COOPEC zinazaa dola 2. Moto mkubwa ndio unaozimwa kwanza.

DOLA NA FRANKA

Wengi wetu tunapata franka, za Kongo au za Burundi, lakini tunadaiwa dola. Kumbuka mwaka 2016: mwanzoni dola 1 ilikuwa karibu franka 930. Mwisho wa mwaka 2017 ilikuwa karibu franka 1,600. Aliyekuwa na malipo ya dola 50 kwa mwezi alikuwa anatafuta franka 46,500. Baada ya muda usiofika miaka miwili alitafuta franka 80,000. Deni lake halikuongezeka hata dola moja, ila jasho lake liliongezeka karibu mara mbili. Kwa mtu anayeuza kwa franka, kupunguza deni la dola mapema ni kupunguza hatari hiyo pia.

ZIADA ITATOKA WAPI

Najua mtu atasema: mchungaji, hata ile 148 inatushinda. Ikiwa ndivyo, usiongeze. Lipa ile ya kawaida kwa siku yake, maana kuchelewa kunaleta adhabu inayokula kuliko faida. Lakini kama kuna nafasi hata ndogo, fanya kwa utaratibu.

Wavuvi wetu wanajua kwamba siku za mbalamwezi taa hazivuti ndagala, mitumbwi inapumzika, na sokoni fedha inakauka. Siku za giza samaki wanarudi. Mwenye kazi ya namna hiyo asiahidi ziada ya kila mwezi. Aweke sehemu katika majuma ya giza na kuipeleka mwisho wa mwezi. Mwalimu naye anaweza kupanga kiasi kidogo kisichobadilika. Aliye katika likelemba au katika AVEC, zamu yake ikifika au fedha ikigawanywa mwisho wa mzunguko, akate sehemu ya kwanza kwa ajili ya mtaji wa deni kabla ya kununua kitenge. Dola 5 za kila mwezi zina nguvu kuliko dola 100 za nadhiri ambazo hazikuja.

Na jambo hili lifanywe na wote wawili, mume na mke. Kanuni ya Familia, tangu ilipobadilishwa mwaka 2016, inataka wenzi wa ndoa wakubaliane juu ya matendo ya sheria yanayowafunga. Mume anayetia nyumba rehani kwa siri, mke akajua siku wanapokuja kupima kuta, amevunja zaidi ya sheria.

USIJIKAUSHE KABISA

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka katika njia yake. Watu walikufa na maelfu ya nyumba yalibomoka katika mji huu. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda, yakaingia katika nyumba za kandokando, hata huku Kavimvira. Wala sina haja ya kuwakumbusha juu ya vita na kukimbia.

Aliyepeleka kila franka kwenye deni, akabaki bila kitu, siku ya maji atarudi kwa Banque Lambert kutafuta unga. Fedha uliyokwisha kumpa mkopeshaji hairudi mkononi kwa sababu watoto wana njaa. Kwa hiyo kwanza weka akiba ya chakula na malipo ya deni ya miezi miwili au mitatu, mahali unapoweza kuifikia. Kisha ndipo uanze kuongeza. Yusufu huko Misri aliweka akiba katika miaka ya shibe, kabla njaa haijabisha hodi.

NDUGU ZETU WALIO NG'AMBO

Wengi katika kanisa hili wana watoto na ndugu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi, na baadhi yao wamenunua nyumba. Tuwaelewe. Nyumba ya huko mara nyingi ina deni la miaka 30. Kwa deni la dola 200,000 kwa 6 kwa mia kwa mwaka, malipo ya mwezi ni karibu dola 1,199, na katika mwezi wa kwanza dola 1,000 nzima ni faida. Mtaji unapungua kwa dola 199 tu. Akilipa hivyo mpaka mwisho, faida inazidi dola 231,000, yaani kuliko nyumba yenyewe. Lakini akiongeza dola 100 kila mwezi tangu mwanzo, anamaliza zaidi ya miaka 5 mapema, na anaokoa zaidi ya dola 48,000. Sheria za huko leo zinabana sana adhabu ya kulipa mapema: kwa mikopo ya nyumba ya kawaida, kama adhabu ipo, haiwezi kupita miaka 3 ya kwanza.

Nasema hivi kwa sababu mbili. Ninyi mnaosoma karatasi hii huko, ulizeni mkopeshaji wenu, na mwandike wazi kwamba ziada ni ya mtaji. Nasi tulio hapa, kabla ya kupiga simu kuomba dola 100 za sherehe, tukumbuke kwamba dola zile 100 zina kazi. Mwenye ugonjwa aombe. Mwenye njaa aombe. Lakini suti mpya ya arusi ingojee.

JUU YA MIUJIZA NA SADAKA

Hapa niseme wazi, ingawa hatutafurahi wote. Siku hizi watu wanaambiwa: leta fedha ya deni uiweke madhabahuni kama mbegu, na Mungu atafuta deni lako lote. Mimi naamini miujiza. Lakini someni 2 Wafalme 4. Mjane wa nabii alikuja kwa Elisha, mdai akiwa mlangoni kuchukua wana wawili. Elisha hakumwambia deni limefutwa. Wala hakumwomba mafuta yale machache yawe sadaka. Alimwuliza ana nini nyumbani, akamtuma kuazima vyombo, na mafuta yalipojaa akamwamuru auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Muujiza ulikuwa katika mafuta. Deni lililipwa kwa fedha. Na utaratibu ulikuwa huo: deni kwanza, kisha matumizi.

Toa zaka yako kwa uaminifu. Lakini fedha ambayo tayari ni ya mwingine kwa ahadi yako, usiigeuze kuwa sadaka. Zaburi 37:21 inamweka anayekopa bila kulipa katika kundi la waovu, na hatutaki kuingia kundi hilo tukiimba. Nasi wachungaji tusipokee kwa mkono mmoja kile kitakachomtoa kondoo wetu nyumbani mwake.

KWA NINYI MNAOKOPESHA

Nehemia 5 inasimulia watu walioweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Waliowakopesha walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia alikasirika, akaita mkutano mkubwa, akawataka warudishe mashamba na nyumba siku ileile pamoja na faida waliyotoza. Wakarudisha, na makutano wakasema Amina.

Katika makanisa yetu wako wanaokopesha, na kuna anayemkataa ndugu anapoleta fedha mapema, kwa sababu faida itapungua. Mpendwa, ukimzuia mtu asitoke gerezani kwa sababu unauza chakula cha gerezani, utajibu nini mbele za Bwana? Mpokee, mpunguzie faida ya miezi isiyofika, mrudishie karatasi zake.

MALIZA VIZURI

Siku ya malipo ya mwisho usiondoke na furaha tu. Dai barua inayosema deni limekwisha. Dai karatasi zote ulizoacha: barua ya kununua, karatasi ya parseli, au certificat d'enregistrement ikiwa unayo. Kama rehani iliandikwa rasmi kwa Conservateur des titres immobiliers, nenda ukahakikishe imefutwa katika kitabu chake, maana huko isipofutwa, nyumba bado imefungwa. Kisha waite watoto, uwaonyeshe karatasi hizo na mahali zinapowekwa. Mtu akifa bila kuonyesha, wanaobaki wanaweza kulipishwa mara mbili.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Je, unajua deni lako limebaki dola ngapi leo, mtaji peke yake?
2. Je, mwenzako wa ndoa anajua?
3. Ni kiasi gani unaweza kuongeza kila mwezi bila kuwanyima watoto chakula?
4. Kuna mjane au mzee katika kikundi chetu ambaye hajui kusoma mkataba wake? Nani atamsomea juma hili?

Tuombe. Bwana, wewe uliyemfungulia Mwisraeli mlango wa kujikomboa, utupe akili ya kuhesabu, uaminifu wa kulipa, na mikono ya kusaidiana. Linda nyumba za watu wako kando ya ziwa hili. Katika jina la Yesu, Amina.